Siku 90 kwa Mwenye Gunia la Dagaa

Tangu Juni 19, 2025, lori linalotoka Mwanza kwenda Geita na kuendelea mpaka Rusumo au Kabanga, mipakani mwa Rwanda na Burundi, halipangi tena foleni ya kivuko. Daraja la Kigongo–Busisi lina urefu wa kilometa tatu, limegharimu zaidi ya Sh700 bilioni, na kwa dakika chache uko upande wa Sengerema. Simo katika kundi la wanaozililia fedha hizo. Ila daraja limetuondolea kisingizio. Miaka yote, mzigo wa Mwanza ulipochelewa Kigali au Bujumbura, lawama ziliangukia kivuko. Sasa hakuna kivuko, na bado ukikaa na wafanyabiashara wa jiji hili wakaanza kuhesabu hasara zao, nyingi hazihusu barabara wala maji. Zinahusu matamko: amri iliyotolewa jioni ikaanza kazi asubuhi, kwetu au kwa jirani.

Hoja yangu ni hiyo moja. Nchi zinazozunguka Ziwa Victoria hazina uhaba wa mikataba. Tuna Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2005, Soko la Pamoja tangu Julai 2010, na hata itifaki ya sarafu moja iliyosainiwa 2013 kwa ahadi kwamba 2024 tungekuwa tunaishika mkononi. Ahadi hiyo imesogezwa hadi 2031. Tunachokosa ni kanuni inayoishi muda wa kutosha, ili mtu aweke mzigo barabarani akijua utapokelewa kwa masharti yale yale aliyoyakuta siku alipokuwa akishona magunia. Baada ya miaka 20 ya Umoja wa Forodha, biashara ya nchi wanachama wao kwa wao iko karibu asilimia 15 ya biashara yao yote. Sababu ziko nyingi, lakini hii ya kanuni kubadilika ghafla ndiyo tunayoitengeneza wenyewe, bure.

Tuanze Mwaloni, Kirumba, kwenye dagaa. Soko hilo hupokea mzigo wa Ukerewe, Ukara, Goziba na mialo mingine mingi, na wanunuzi wake wa jumla hutoka Rwanda, Burundi, Kenya, Uganda na Kongo. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, zamani karabai na siku hizi zaidi za sola, kwa kuwa hufuata mwanga. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazifui dafu, mitumbwi hupumzika na bei hupanda. Mtaji wa dagaa, basi, huzunguka kwa kufuata mwezi wa angani.

Mnunuzi mzoefu hazungumzi bei kwanza. Huzamisha mkono mpaka katikati ya gunia, maana juu kila muuzaji hupanga wazuri, akatoa konzi, akanusa, kisha akawamimina kutoka kiganja hiki kwenda kile aone mchanga unaobaki. Waliokaushwa juu ya chanja wana rangi ya fedha na hawana mchanga. Walioanikwa chini wamekuja na ufukwe wao. Walionyeshewa kabla ya kukauka wamekuwa weusi, wana harufu, na safari yao ni kwenye chakula cha kuku, kwa bei ya kuku. Kazi hii ya kuanika, kuchambua na kuuza iko zaidi mikononi mwa akina mama, na wengi wao mtaji wote uko ndani ya magunia hayo hayo. Hakuna akiba pembeni. Mzigo ukikwama mpakani wiki mbili chini ya turubai, unyevu unaingia, ukungu unafuata, na hata ukiruhusiwa kupita baadaye, mwenye mzigo amekosa giza zima la kununua mwingine.

Mama huyo akitaka kuvusha mzigo anahitaji kibali cha kusafirisha mazao ya uvuvi nje ya nchi, cheti cha afya ya mazao hayo, risiti ya mrabaha na cheti cha uasili wa bidhaa. Kwa wadogo, Jumuiya ya Afrika Mashariki iliweka cheti rahisi cha uasili, kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, ambacho hutolewa pale pale mpakani. Hicho ni kimoja kati ya vitu vichache vilivyotoka Arusha, makao makuu ya Jumuiya, vikiwa vimemfikiria mtu wa gunia kabla ya mtu wa kontena. Kasoro yake inajulikana: watu wanaochangiana nauli ya Fuso moja wanapakia pamoja, na anayekagua huliona lori kabla hajawaona wenye magunia. Hiyo inarekebishika kwa maelekezo ya ukurasa mmoja. Naitaja kwa ufupi kwa sababu sidhani kwamba makaratasi ndiyo ugonjwa mkuu. Makaratasi ukishayajua unayazoea, unajua ofisi ipi inafungua saa ngapi na nani anagonga muhuri. Usichoweza kukizoea ni kitu ambacho jana hakikuwapo.

Yapo, kwa haki, mambo ambayo hakuna waziri wa biashara angeweza kuyazuia. Kongo iliingia Jumuiya mwaka 2022 na Mwaloni wengi walishangilia, kwani mnunuzi wao mkubwa alikuwa amekuwa mwanafamilia. Januari 2025 waasi wa M23 wakaitwaa Goma, Februari wakaitwaa Bukavu. Soko la mashariki mwa Kongo limevurugwa na bunduki, na dagaa hawana jibu la bunduki. Hilo liacheni.

Lakini vifaranga 6,400 vilivyochomwa moto Namanga Oktoba 2017 havikuchomwa na vita. Vilitoka Kenya, tukasema ni tahadhari ya mafua ya ndege. Mpaka wa Gatuna kati ya Rwanda na Uganda ulifungwa Februari 2019 na kufunguliwa mwisho wa Januari 2022, miaka mitatu kasoro, na wachuuzi wa pande zote wakabaki na madeni. Halafu yakaja mahindi.

Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka. Huku kwetu watu walikasirika, na wengi walisema sumukuvu ni kisingizio cha kumlinda mkulima wa Bonde la Ufa. Labda. Ila sumukuvu si hadithi: mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, kwenye mahindi yetu wenyewe, waliyolima na kuyahifadhi wenyewe. Kenya ilikuwa na haki ya kuogopa. Haikuwa na haki ya kuogopa ghafla. Zuio lilitoka wakati malori yako njiani, na baada ya siku chache likageuzwa kuwa masharti: msafirishaji asajiliwe, mzigo uwe na cheti kinachoonyesha sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Masharti hayo yalikuwa ya maana. Kama yangetangazwa Desemba yaanze Machi, maabara zingejipanga, wenye maghala wangepima unyevu mapema, na hakuna dereva ambaye angelala chini ya lori kwa kosa la sheria iliyozaliwa akiwa ameshawasha injini. Ilibidi Rais Samia Suluhu Hassan aende Nairobi Mei mwaka ule, akae na Rais Uhuru Kenyatta, ndipo foleni za mahindi zikapewa muda wa kumalizwa. Ziara ile ilifanya kazi kubwa na ninaisifu. Lakini nchi inayohitaji marais wawili ili gunia la mahindi livuke haijajenga mfumo.

Kabla hatujaendelea kuwanyooshea wengine kidole, turudi nyumbani.

Mwishoni mwa Julai 2025 serikali yetu ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15. Orodha ina rejareja, uwakala wa kutuma fedha kwa simu, ufundi simu, saluni, udalali, uongozaji watalii, na kipengele ambacho kanda hii inapaswa kukisoma mara mbili: ununuzi wa mazao shambani. Kelele zilizoizaa amri hii nyingi zilitoka Kariakoo, ambako wafanyabiashara wetu walilalamika miaka kadhaa kuhusu wageni, hasa Wachina, waliokuja kwa jina la uwekezaji wakaishia kuuza bidhaa mojamoja dukani. Lalamiko lile lilikuwa na msingi. Aliyepewa kibali cha kuwekeza hana sababu ya kugombania mteja wa soksi na kijana wa mtaani.

Shida ni kwamba amri iliyolenga Kariakoo ilitua Sirari, mpakani na Kenya. Imeandikwa kwa ajili ya asiye raia, na Mkenya anayenyoa nywele Mwanza ni asiye raia sawa na mwenye ghala kutoka Guangzhou. Kenya ililalamika mara moja, ikikumbusha kwamba Itifaki ya Soko la Pamoja inampa raia wa nchi mwanachama haki ya kuanzisha shughuli zake katika nchi nyingine. Tuliisaini sisi pia. Na Watanzania wenye vibanda na mafundi wetu walioko Nairobi na Kampala walianza kujiuliza lini zamu yao itafika.

Kipengele cha mazao shambani ndicho kinachonisumbua zaidi. Nawaelewa wanaokiunga mkono. Mnunuzi wa nje anaingia kijijini na fedha taslimu, anamfikia mkulima bila kupita kwa mtu yeyote, mwenye duka la mazao wa pale wilayani anabaki akipiga miayo. Lakini tuulize nani anaumia. Mkulima? Yeye siku hiyo ana wanunuzi wawili mlangoni badala ya mmoja, na bei inapanda. Anayeumia ni mtu wa kati, ambaye ana haki ya kuishi kama sisi wote, ila tusimvike shati la mkulima tunapomtetea. Amri inayompunguzia mkulima wanunuzi inampunguzia bei.

Hili tumeshaliona Kagera. Kwa miaka mingi kahawa ya Bukoba, Karagwe na Missenyi imevuka usiku kwenda Uganda kwa njia za panya. Upande wa pili kulikuwa na mnunuzi binafsi mwenye fedha mkononi, upande wetu kulikuwa na chama cha ushirika na malipo ya kusubiri. Mwenye shida ya haraka aliuza hata maua yangali mtini, kwa ule mtindo wa butura, akapata fedha kidogo leo na mwenzake akavuna kesho. Tukapeleka askari wa kukimbizana na pikipiki. Kahawa haikuacha kuvuka, ilipanda bei ya kuvuka tu.

Kwenye dhahabu tulikuwa na akili zaidi. Mwaka 2019 serikali ilifungua masoko ya madini, la Geita likiwa la mwanzo, ikawafutia wachimbaji wadogo VAT ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5. Mchimbaji akapata mahali pa karibu pa kuuzia, mizani anayoiona, na makato yasiyomtia uchizi, na dhahabu ikaanza kujitokeza yenyewe. Juni 2021 kiwanda cha kusafisha dhahabu kikazinduliwa hapa Mwanza. Aliyebuni lile la 2019 alielewa kwamba magendo hufuata bei na hufuata urahisi. Sioni kwa nini elimu hiyo iishie kwenye madini.

Majini nitapita haraka. Meli ya mabehewa MV Umoja ilitengenezwa miaka ya 1960, na enzi za Jumuiya ya kwanza behewa lingeweza kutoka reli ya kati, likapanda meli Mwanza, likashukia Kisumu au Uganda na kuendelea na safari likiwa halijafunguliwa. Jumuiya ikavunjika 1977, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya mpaka 1983, na kila nchi ikachukua meli zake. MV Umoja ilipofufuliwa 2018 kwenda Port Bell, Uganda, tulishangilia kama kitu kipya. Sasa tuna MV Mwanza yenye uwezo wa kubeba abiria 1,200 na tani 400 za mizigo, na reli ya kisasa ya Mwanza–Isaka, kilometa 341, inajengwa. Vyote vizuri. Ila meli haiwezi kupanga ratiba kwenda bandari ambayo huenda wiki ijayo ikakataa shehena yake, na mwenye shehena hasaini mkataba wa mwaka na meli wakati hana uhakika wa miezi mitatu.

Uwekezaji nao uko hivyo hivyo. Kila Juni, siku ambayo mawaziri wa fedha wa nchi zetu husoma bajeti, hutangazwa pia orodha ya bidhaa ambazo nchi fulani imeruhusiwa kuziondoa kwenye ushuru wa pamoja wa forodha, mara nyingi kwa mwaka mmoja. Uganda inaomba yake, Kenya yake, Tanzania yake. Mwaka 2022 tuliongeza kiwango cha juu hadi asilimia 35 kwa bidhaa zinazoweza kutengenezwa hapa kwetu, zikiwamo nguo na samani, na maombi ya kutoka nje ya mstari yakaendelea. Kila ombi lina sababu yake. Yakijumlishwa, yanamwambia mwenye kiwanda kwamba ushuru anaoutegemea una umri wa miezi 12.

Pamba ya Simiyu, Shinyanga na Mwanza ndiyo mfano unaoniuma. Sehemu kubwa inasafirishwa nje ikiwa nyuzi ghafi. Kenya, saa chache kutoka Sirari, ina viwanda vya kushona nguo za kuuza Marekani, na vitambaa vyake vingi hununuliwa Asia. Mtu mwenye mtaji angeweza kufuma Mwanza kitambaa ambacho viwanda vya Athi River, Kenya, vingekishona. Mashine za kufuma na kutia rangi, hata hivyo, hazirudishi fedha ndani ya miaka miwili. Nani atazileta hapa ilhali hajui Kenya itakitoza nini kitambaa hicho mwaka kesho, au kama sisi tutaamka tumezuia pamba isitoke wilayani? Hata suala la mitumba tulilifanya hivyo hivyo: mwaka 2016 nchi za Jumuiya zilikubaliana kuiondoa ifikapo 2019, Marekani ikatishia kutunyima nafuu za AGOA, mpango wake wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, Kenya ikajitoa, sisi na Uganda tukafuata, Rwanda ikabaki peke yake ikapigwa adhabu 2018. Sitetei wala silaani mitumba. Nasema aliyekuwa ameamini tangazo la 2016 akanunua cherehani 200 alifundishwa asiamini la pili.

Uwezo wa kutoa uhakika tunao, na ushahidi uko magharibi mwa ziwa hili hili. Mitambo ya Rusumo, megawati 80 kwenye mto Kagera, ni mali ya Tanzania, Rwanda na Burundi kwa pamoja, kila mmoja akichukua theluthi ya umeme. Hakuna aliyeamka akazima swichi ya mwenzake. Bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lina kilometa 1,443, na 1,147 ziko Tanzania. Kabla fedha za TotalEnergies na wenzake hazijamwagwa, walitaka kila kitu kiandikwe: mkataba kati ya Uganda na Tanzania mwaka 2017, mkataba wa nchi mwenyeji 2021, na Bunge letu likapitisha sheria maalumu kwa ajili ya mradi huo mwaka ule ule. Walipata kwa maandishi kodi watakazolipa na ulinzi dhidi ya sheria kugeuka njiani. Siwaonei gere, wangekuwa wajinga wasipoomba. Ninachouliza ni kwa nini mwenye bomba anapewa uhakika wa miongo na mwenye gunia hapewi hata wa wiki.

Pendekezo langu si kubwa. Nchi isitangaze zuio, ada mpya au sharti jipya kwa bidhaa ya nchi jirani mwanachama bila taarifa ya siku 90. Mzigo uliokwisha kupata nyaraka kabla ya tangazo upite kwa masharti ya zamani. Ugonjwa wa mifugo, sumu kwenye chakula na dharura nyingine za afya ziruhusiwe kukatiza siku hizo, lakini nchi inayozuia itoe majibu ya maabara ndani ya wiki mbili, na ikishindwa zuio lijifute lenyewe. Tangazo liandikwe kwa Kiswahili, ambacho sasa ni lugha rasmi ya Jumuiya, libandikwe Mutukula, Sirari, Rusumo na kwenye ofisi ya kila soko kubwa kama Mwaloni. Tangazo la Kiingereza kwenye Gazeti la Jumuiya huko Arusha halimfikii anayeanika dagaa Goziba.

Nikiulizwa nani ataanza, nisingesubiri nchi zote nane. Kenya itasita, kwa kuwa bei ya unga ni siasa ya Nairobi na hakuna serikali ya kule itakayopenda kufungwa mikono mwaka wa uchaguzi. Sisi tutasita kwa sababu viongozi wetu wanayapenda matamko, na tamko la siku 90 halina makofi. Mkataba wa Jumuiya, hata hivyo, unaruhusu wanachama walio tayari kutangulia na wengine wakafuata. Uganda na Tanzania wana bomba pamoja, wana kituo cha pamoja cha huduma mpakani Mutukula, na Kagera imetumia umeme wa Uganda miaka mingi. Waanze hao wawili, kwa bidhaa tatu tu: dagaa, mahindi na kahawa. Kahawa itakuwa ngumu kuliko zote, kwa sababu itailazimu serikali yetu kukubali kwamba mkulima wa Missenyi auze Uganda mchana, kwa risiti, pale ambapo bei ya huko ni nzuri kuliko ya kwetu.